Kutoka Nipashe hadi Mipasho: Lulu Hassan na Kiswahili cha Saa Moja

Kwetu, si mbali na Kimilili, runinga yetu ya kwanza ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Betri ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, kwa hivyo baba alikuwa na sheria: hakuna kuwasha ovyo. Saa moja usiku inawashwa, habari za Kiswahili za KBC zinasomwa, inazimwa. Ukitaka zaidi ya hapo, nenda kwa jirani.

Mama alisikilizia mlangoni, mwiko mkononi. "Hao ndio wanajua Kiswahili," alizoea kusema. Nilidhani anawasifu tu. Siku hizi naona alikuwa pia anajiweka mahali pake, chini yao. Mama ni Mbukusu. Gari kwake ni "kari", dada ni "tata". Sisi watoto tulikuwa tumeanza kusahihishwa Kiswahili shuleni, na aliyesahihishwa mchana hutafuta wa kumsahihisha jioni. Siku moja, mbele ya wageni, nikamwambia: "Si kari, mama. Ni gari. Si unasikia vile wanasema kwa habari?" Wageni wakacheka. Mama naye akacheka kidogo. Tangu siku hiyo, mgeni asiyejua Lubukusu akija, mama alimkaribisha chai kwa ishara na tabasamu, akarudi jikoni.

Naanza na aibu hii kwa sababu nataka kuandika kuhusu Lulu Hassan, na siwezi kumwandika bila kuuliza sauti ya msomaji wa habari hufanya nini ndani ya nyumba ya watu. Yaliyoandikwa kumhusu ni mengi: buibui zake, ndoa yake, utani wake na mumewe mbele ya kamera. Hayo tuwaachie wenyewe. Mimi namtaka kama msanii wa lugha, mtu ambaye kazi yake imepita kwenye aina mbili za Kiswahili cha runinga, na safari hiyo ikabadilisha kitu nyumbani kwetu.

Hebu tuanze na kiti chenyewe. Msomaji wa habari za Kiswahili nchini Kenya ni mhusika, kama wa riwaya. Ana mavazi yake, ana mkao wake, na ana Kiswahili ambacho hakuna mtu hukitumia akinunua sukuma wiki. "Haya yanajiri huku." "Ametiwa mbaroni." "Wingu la simanzi limetanda." Jamani, nani huongea hivyo? Nimehudhuria matanga mengi na sijawahi kusikia jirani akija kutangaza kwamba wingu limetanda. Husema: fulani ametuacha. Lakini saa moja ikifika tunakubali wingu litande, na tungeshangaa lisipotanda. Ni kama mashairi ya arusi: si lugha ya kila siku, na ndiyo sababu tunaiheshimu.

Tangu enzi za Sauti ya Kenya, kiti hicho kimekaliwa sana na watu wa Pwani. Badi Muhsin alikikalia KBC hadi jina lake likawa sehemu ya jioni zetu. Swaleh Mdoe akaja Citizen na Kiswahili cha ndani, maneno ambayo mwalimu wangu alituagiza tuyaandike daftarini. Lafudhi ya Pwani ikawa kama leseni. Bara tukajifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba Kiswahili kina wenyewe, na wenyewe si sisi.

Kumbe hata wenyewe wamevalishwa. Mwaka 1928 wakuu wa kikoloni walikutana Mombasa kuamua Kiswahili kipi kiwe sanifu, na wakachagua Kiunguja, cha mji wa Zanzibar. Kimvita, lahaja ya mji huohuo waliomokutana, ikaachwa nje ya mlango wa kwao. Kwa Kimvita nchi ni "nti", njia ni "ndia", njoo ni "ndoo". Kwa hivyo mtoto wa Mombasa, kama Lulu Hassan alivyo, akiketi mbele ya kamera na kusema "nchi yetu", naye anasoma lugha iliyoshonwa mahali pengine. Inamkaa vizuri kuliko inavyomkaa mama yangu, sawa. Lakini ni vazi la kazi hata kwake. Laiti mtu angeniambia hilo nikiwa na miaka kumi.

Upande wa pili wa runinga hiyohiyo kulikuwa na lafudhi nyingine. Kwenye Vitimbi, Mzee Ojwang aliongea Kiswahili cha Kijaluo na nchi nzima ikavunjika mbavu. Aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile ilikuwa kofia aliyoivaa na kuivua. Baadaye Citizen ikatuletea Papa Shirandula, soja wa Kiluhya wa marehemu Charles Bukeko, na hapo kicheko kikaingia nyumbani kwetu moja kwa moja, maana alitamka kama wajomba zangu. Niliwapenda wote wawili, na bado nawapenda. Lakini hesabu ni rahisi. Lafudhi ya Pwani ilisoma habari, ya bara ilichekesha. Ukiongea kama mama yangu, runinga ilikuwa na nafasi moja tu kwa ajili yako, nafasi ya kuchekwa.

Au ungepata sekunde chache kwenye habari zenyewe. Angalia taarifa yoyote ya moto mtaani au mafuriko. Msomaji anatanguliza kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, mwanahabari anaeleza kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, halafu anatokea mama aliyepoteza nyumba. Anasema sentensi moja na nusu kwa Kiswahili chake, na kabla hajamaliza sauti iliyonyooka inarudi kutueleza alichomaanisha. Yeye ndiye mwenye habari. Lakini habari yake inabebwa na wengine, kama jeneza.

Lulu Hassan alianzia redioni Mombasa kabla ya kuja kwenye runinga Nairobi, na redio inasikika katika usomaji wake. Wapo wasomaji wanaoimba sentensi, wakiipandisha mwanzoni na kuiangusha mwishoni, kila taarifa kwa wimbo uleule, iwe ya ajali au ya kandanda. Yeye husoma kana kwamba yuko sebuleni na mtu mmoja. Sentensi ndefu huikata kwa pumzi, na akifika kwenye jambo zito hupunguza sauti mahali ambapo wengine huongeza. Kwenye Nipashe Wikendi, akiwa na Kanze Dena, ilikuwa kama kuwasikiliza majirani wawili wenye akili wakipiga soga barazani, ila baraza lina taa kali.

Mwaka 2018 baraza hilo lilivunjika. Kanze Dena alikwenda Ikulu, kwanza kama naibu msemaji kisha msemaji. Rashid Abdalla, mume wa Lulu, akahamia Citizen kutoka NTV, wakaanza kusoma habari pamoja, mke na mume. Vyombo vingine vikashika hiyo, ikawa gumzo. Mimi linaloniwasha ni jingine. Sauti ya kuaminika ni mali, na mwenye mali hiyo huulizwa mapema au baadaye atamwazima nani. Wengi huiazima kwa serikali. Hussein Mohamed, aliyekuwa jirani yao wa Kiingereza pale Citizen, naye akawa msemaji wa Ikulu mwaka 2022. Sisemi ni dhambi. Nasema ni njia iliyokanyagwa hadi imekuwa barabara: unasoma habari mpaka watu wakuamini, halafu unazisoma kwa niaba ya mtu mmoja.

Lulu na Rashid waliipeleka sauti yao kwenye hadithi. Kupitia kampuni yao, Jiffy Pictures, walianza kutengeneza tamthilia, na mwaka 2019 ikaja Maria.

Kisa chenyewe mnakijua. Maria, yatima wa mtaa wa mabanda, msichana mwenye mdomo na ngumi, anaingia kwenye jumba la familia tajiri ya Hausa na kumpenda Luwi, ambaye tayari ana mchumba, Sofia. Tuliolelewa na tamthilia za Kimeksiko zilizotiwa sauti za Kiingereza tungeweza kuuandika mwisho kabla ya kipindi cha tatu. Kama ningepewa kisa hicho kwenye karatasi ningeandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: tumeshakiona.

Lakini tamthilia haisomwi kwenye karatasi. Maria, kama alivyoigizwa na Yasmeen Saiedi, anaongea Sheng. Tena si Sheng ya kupitisha mzaha. Anaongea Sheng akiwa na njaa, akiwa na hasira, akipenda, akilia. Sofia anaongea Kiswahili kilichonyooka kama uzi, na nchi nzima ikamwombea Sofia mabaya. Simkumbuki kabla ya hapo mtu aliyetufanya tulie, kila jioni, kwa miezi na miezi, kwa ajili ya Kiswahili "kibovu". Mzee Ojwang alikuwa amekifanya kipendwe kwa kicheko. Maria alikifanya kipendwe kwa machozi, na hiyo ni heshima ya aina nyingine, maana ukimcheka mtu unabaki umekaa ulipokaa, lakini ukimlilia umehamia kwake kwa muda.

Jambo la pili lilinichukua muda kuliona. Matajiri wa Maria wanaongea Kiswahili. Hebu fikiria. Kwenye Nairobi tuijuayo, jumba kama lile huongea Kiingereza, na Kiswahili hutumika getini na jikoni. Ratiba ya runinga yenyewe inajua hivyo: saa moja ni ya mwananchi, saa tatu ni ya mheshimiwa. Katiba ya 2010 imesema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini ratiba haikusoma Katiba. Ndani ya Maria, mabilionea wanapanga njama zao kwa Kiswahili, mawakili wanatishana kwa Kiswahili, na hakuna anayekwenda kwenye Kiingereza kutafuta ukubwa. Ni uongo, ndiyo. Ni uongo ambao msomaji wa habari hawezi kuusema, kwa kuwa yeye amefungwa na yaliyopo. Mtunga hadithi anaruhusiwa. Nadhani ndilo jambo la kisiasa zaidi lililofanyika kwenye runinga yetu miaka ile, na lilifanywa na watu ambao wikendi walikuwa wakitusomea mambo ya wanasiasa.

Sitaki kupaka asali. Sheng ya Maria imechujwa. Watoto wa mtaa wangeicheka, ni Sheng ya mtu anayejua mama mkwe anasikiliza. Na angalia mlango aliopitia: mlango wa mapenzi. Lugha yake haikubaliki jumbani kwa sababu ina haki, inakubaliwa kwa sababu mwenye jumba amependa. Mtu wa mabanda anatambuliwa akichaguliwa, na wasiochaguliwa wanabaki kulekule, wakiongea vilevile. Hilo ni dosari ya aina yote hii ya tamthilia, lakini waliokuwa na ujasiri wa kuiingiza Sheng wangeweza kuisukuma hatua moja zaidi.

Kuna pia swali la uso. Mtu anayetuambia kila wikendi "haya ni kweli" ndiye pia anayetuuzia, siku za juma, yasiyo ya kweli, kwenye stesheni ileile. Simlaumu, na tamthilia ni kazi ya mikono mingi, ya waandishi, waelekezi na waigizaji, si yake na mumewe peke yao. Lakini mhakiki lazima aone. Jibu langu ni kwamba hakuna aliyedanganyika. Tulijua Maria ni hadithi. Tusichokijua vizuri, na tamthilia ilinisaidia kukijua, ni kwamba hata Kiswahili cha habari kilikuwa cha kuigiza. Mwigizaji mkubwa alipotuonyesha jukwaa la pili, tukaliona la kwanza.

Baada ya Maria ikaja Zora, kisha Sultana mwaka 2022, na hapo mtoto wa Mombasa akarudi kwao. Sultana ni binti kipofu wa Pwani, na Pwani hiyo si ile ya studio. Watu wanagombana, wanasutana, wanatupiana maneno yenye ndimu. Neno la Nipashe linatokana na kitenzi "pasha": nipashe habari. Mipasho, yale mafumbo makali ya taarabu ya kumsuta mtu bila kumtaja, imetokana na kitenzi hichohicho. Kupasha ni kumfikishia mtu jambo, na pia ni kulitia moto lililopoa. Niliona kazi yote ya Lulu Hassan imekaa kwenye neno hilo moja. Alianza kwa kutupasha habari zilizokwishapoa, zilizopangwa na kusafishwa. Akaishia kwenye mipasho, mahali ambapo Kiswahili kinachemka na mwenye kukiongea ana jambo na mtu. Hadhi ya kiti ilimpa masikio yetu. Sifa kwake ni kwamba hakuyatumia masikio hayo kutusomea zaidi. Alitumia kutusikilizisha wengine.

Wapo watakaosema nampa mno. Kwamba ni biashara tu: tamthilia inaleta watazamaji, watazamaji wanaleta matangazo. Kweli. Hata Vitimbi haikuwa sadaka. Lakini mimi huhakiki kilichofika sebuleni, na sebuleni kwetu kilifika hivi.

Machi 2020, kafyu ilipotangazwa, nilikuwa nimekwenda nyumbani kumwona mama, na Aprili Nairobi ikafungwa. Nikakwama huko. Kafyu ilianza saa moja usiku, saa ileile ya habari, kana kwamba serikali nayo ilikuwa na betri ya kuhifadhi. Baba hakuwepo tena, Great Wall ilikuwa imegeuka meza ya kuku, na ukutani kulikuwa na runinga bapa niliyomnunulia mama kwa mkopo. Saa moja tulisikiliza idadi ya walioambukizwa siku hiyo. Saa moja na nusu akaja Maria.

Mama hakuielewa Sheng yote. "Amesema nini?" angeuliza, nami ningetafsiri. Wakati mwingine hata mimi nilikwama, mwalimu mzima wa Kiswahili, nikamwambia ngoja. Alifurahi sana siku hizo. Akaanza kukisia mwenyewe, na mara nyingi alipatia kuliko mimi, kwa sababu alikuwa anamtazama msichana usoni.

Jioni moja, matangazo yalipoingia, akasema bila kunigeukia: "Huyu mtoto anaongea vibaya, na hakuna mtu anamcheka."

"Haongei vibaya, mama," nikamwambia. "Ni Kiswahili chake tu."

Akanyamaza. Nikafikiri ameridhika, nikachukua simu yangu. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayerudisha deni ambalo mwenzake ameshalisahau: "Kwa hiyo kari ni kari."

"Ni kari, mama."

"Na ulinicheka."

Matangazo yakaisha. Akaniomba niongeze sauti.